Peugeot 504 ya marehemu baba imesimama miaka 17: naifufua mwenyewe nyumbani

Mrithi504 (#1)

Wakuu, heshima kwenu, na shikamooni mliotangulia.

Nyumbani kuna Peugeot 504 stesheni wagoni ya mwaka 1979, injini ya petroli ya cc 1971, gia za mkono. Marehemu baba aliiegesha bandani miaka 17 iliyopita, akaifunika turubai, na haijasogea tangu siku ile. Mwezi uliopita mama alisema wazi: ama gari lipate mtu wa kulishughulikia, ama liende kwenye chuma chakavu. Nikamwambia nitalishughulikia mimi. Kazi yangu si ufundi, lakini sevisi ndogo ndogo za gari langu nafanya mwenyewe, spana ninazo, na jioni muda ninao.

Hali yake ninavyoiona: matairi manne yamelala kabisa. Breki ya mkono ilivutwa ikabaki hivyo, magurudumu ya nyuma hayazunguki. Kwenye boksi la chujio la hewa panya walijenga. Nimetoa nyasi na vipande vya godoro vikajaa ndoo. Bodi ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Kutu ipo chini ya milango, na kwenye sakafu upande wa abiria wa mbele, ambako zulia limeoza na chini yake pana ukoko mweupe kama chumvi. Nadhani mvua ilipita kwenye mpira wa kioo. Kilomita zinasoma 214,380.

Mpango wangu: Jumamosi naweka betri mpya, namwaga oili ya zamani na kujaza mpya, namimina petroli safi, napiga stata. Kuna nililosahau?

Kijana wa Boneti (#2)

Mkuu umenigusa sana. 504 ilitoka mwaka 1968, umbo lilichorwa na Pininfarina, na 1969 ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Duniani zimetengenezwa zaidi ya milioni 3. Hiyo stesheni wagoni yako nyuma ina springi mbili za koili kila upande, ndiyo maana inabeba mzigo bila kulalamika. Usiliuze hilo gari. Nafuatilia uzi huu mpaka mwisho.

Fundi Mstaafu (#3)

Mrithi, marahaba. Jumamosi yako iahirishe.

Usipige stata. Injini iliyolala miaka 17 haina oili huko juu. Yote imeshuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Kuta za silinda ni kavu na ringi (pete za pistoni) zimeshikamana nazo kwa kutu nyembamba ambayo huioni. Stata ina nguvu. Itazilazimisha, ringi zitavunjika au zitachuna slivu (bomba la ndani ya silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka), na injini iliyokuwa nzima utakuwa umeiua wewe kwa sekunde tatu. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Magari ya kulala niliyoletewa yakiwa yamekufa, mengi yaliuawa siku ya kuamshwa.

La pili ndilo lingepaswa kuwa la kwanza: lilisimama kwa nini? Gari zima haliegeshwi bure. Kuna siku baba yako alitoka nalo, akarudi, akasema leo basi. Nini kilitokea siku ile? Kama ilikuwa gia boksi, utahangaika na injini miezi miwili, iwake, halafu gari lisiende. Uliza nyumbani kabla hujashika spana.

Mrithi504 (#4)

Nashukuru mzee, stata siigusi.

Nimeuliza. Mama anasema betri ilikufa. Kaka mkubwa anasema injini ilichemka njiani. Baba mdogo anasema hapakuwa na ubovu wowote, ni hela tu ilipungua. Kila mmoja ana uhakika na jibu lake.

Fundi Mstaafu (#5)

Majibu matatu ni sawa na kukosa jibu. Endelea kutafuta huku kazi inaendelea. Angalia risiti, angalia droo ya gari, angalia chini ya viti. Mwenye gari wa zamani alikuwa anaandika.

Bi Gurudumu (#6)

Nami niongeze langu. Mimi nimefufua Datsun moja na Volkswagen moja hapa nyumbani, na kosa nililolifanya kwenye ile ya kwanza ni kuanzia injini. Ikiwaka, utataka kuisogeza. Ukiisogeza, utataka kuizungusha mtaani kidogo. Na breki huna. Mimi nilisimamishwa na ukuta.

Kwa hiyo anza na breki, na kabla ya breki, usalama wako. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Ukishanyanyua, weka stendi nne imara kwenye sakafu ngumu, kisha lisukume gari kwa nguvu ukiwa umesimama pembeni. Likitikisika juu ya stendi, shusha upange upya. Usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Matairi usiyahurumie hata kama kashata (meno ya tairi) zinaonekana. Soma ubavuni, mwisho wa herufi za DOT kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. 2304 ni wiki ya 23 ya mwaka 2004. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000. Ya zamani yatumie kulisukumia ndani ya uwanja, barabarani usiende nayo.

Mrithi504 (#7)

Ripoti ya wiki mbili.

Gari liko juu ya stendi. Magurudumu ya mbele yamezunguka kwa mkono baada ya kutoa pedi. Nyuma ngoma zilikataa kabisa. Nililegeza waya wa breki ya mkono, nikapulizia mafuta ya kulainisha kutu pande zote, nikawa nagonga ukingo wa ngoma kwa nyundo ya mbao, nazunguka, nagonga tena. Ya kushoto ilitoka jioni ya tatu. Ya kulia ilibaki mpaka nilipogundua kwamba shuu zilikuwa zimechimba mfereji ndani ya ngoma na zimenasa kwenye ukingo; nikazirudisha nyuma kwa kirekebishi chake, ikatoka.

Wili silinda ya kulia (pampu ndogo ya breki ndani ya gurudumu) nimeifungua mezani. Mpira wa vumbi ulivunjika kama biskuti. Ndani hapakuwa na mafuta, palikuwa na uji wa kahawia, na pistoni moja kati ya mbili haikutoka hata kwa upepo. Nilipoitoa kwa kuigonga, ukuta wa silinda una vishimo vya kutu ambavyo kucha inanasa. Nimeagiza mpya zote mbili.

Masta silinda (pampu kuu ya breki) naona kavu kwa nje. Naweza kuiacha?

Mtambo (#8)

Usiiache. Mafuta ya breki yanavuta unyevu hewani, na maji yakishaingia yanachanganyika nayo, yanakula chuma cha masta silinda na kalipa. Juu ya kutu, kiwango cha kuchemka kinashuka: DOT 3 (daraja la mafuta ya breki) mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, ikishanywa maji inafika 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwenye mteremko mrefu hapo ndipo kanyagio linazama mpaka chini. Fungua masta silinda, badilisha mipira yake. Ukikuta vishimo, nunua nzima.

Na mipira ya breki, ile mirija laini inayokwenda kwenye magurudumu, ibadilishe yote hata kama inang'aa. Huvimba kwa ndani. Mguu wako unasukuma mafuta yanapita, ukiachia hayarudi, breki inabaki imeshika na diski inaiva. Watu wanafungua kalipa mara tatu wakitafuta ugonjwa ambao uko kwenye mpira.

DOT 5 usiitie. Ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine.

Fundi Mstaafu (#9)

Breki zikiendelea, tuanze injini polepole, maana dawa yake inahitaji siku.

Toa plagi zote nne uzipange kwa mpangilio zilivyotoka. Kila tundu mimina vijiko viwili vya mchanganyiko: nusu asetoni, nusu mafuta ya gia otomatiki. Asetoni inashika moto upesi sana, fanyia nje, pasiwe na cheche wala sigara. Ziba matundu kwa kitambaa, acha usiku kucha, ongeza kesho yake. Siku ya tatu weka gia huru, shika nati ya puli ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kwa spana ya mkono mrefu, jaribu kuzungusha upande injini inakozungukia, taratibu, na kurudi nyuma kidogo. Usiweke bomba la kurefusha spana. Ukitumia nguvu ya kutoa jasho, umeshapita kipimo.

Kijana wa Boneti (#10)

Mzee samahani, kwa nini asifungwe kamba, gari livutwe gia ya tatu klachi ikiachiwa? Nimeona watu wanafanya hivyo na injini zinaachia.

Fundi Mstaafu (#11)

Kwa sababu hapo unavuta kwa uzito wa magari mawili kitu kilichoshikwa na kutu ya unene wa karatasi. Kitakachoachia kwanza hukichagui wewe. Inaweza kuwa ringi, inaweza kuwa koni rodi, mkono unaounga pistoni na krenki, imepinda. Mkono unahisi, kamba haihisi.

Na kwa 504 kuna la ziada. Slivu zake hazijapigwa ndani ya bloku kama injini nyingi; zimesimama zenyewe na maji yanazizunguka moja kwa moja, chini zimezibwa kwa sili nyembamba, juu zimekandamizwa na silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini. Ndiyo raha ya injini hii, slivu ikiisha unachomoa unaweka nyingine. Ila siku utakayotoa hedi, usizungushe krenki hata nusu duru kabla hujazibana slivu kwa bolti na washa. Zikinyanyuka hata kidogo, sili za chini zinaachia na maji yanaingia kwenye oili. Nimeona ovahoo nzuri ikiharibika kwa namna hiyo kwa dakika moja ya haraka.

Mrithi504 (#12)

Nilichora mstari wa chaki kwenye puli, na mwingine kwenye kava ya mbele uelekeane nao, nijue kama nadanganywa na kunepa kwa spana. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu: mistari imeelekeana. Siku ya nne asubuhi kabla ya kazi niliweka spana, nikaegemea tu, nikasikia kitu kama kitasa kikavu. Mistari ilikuwa imeachana upana wa ukucha. Nikarudisha, nikaongeza dawa, nikaondoka.

Jioni ilikwenda robo duru. Jana imezunguka mara mbili kamili na haina pa kukwaruza. Nilikaa chini ya banda pale pale na mikono yenye grisi nikampigia kaka simu.

Bi Gurudumu (#13)

Hongera kaka! Sasa tenki. Hapo usikimbie.

Mrithi504 (#14)

Tenki nimelishusha. Kilichotoka ni kama lita saba za kitu cha kahawia iliyokolea, kizito, kinanuka vanishi na si petroli tena. Chini kulikuwa na tope la kutu.

Bi Gurudumu (#15)

Ndivyo inavyokuwa. Vile vyepesi vya petroli vinavyoshika moto vinaruka hewani, kinachobaki ni gundi. Gundi hiyo hiyo iko kwenye mrija na kwenye kabureta.

Suuza kwanza mara kadhaa na maji ya sabuni, halafu jaza siki au asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, uache siku moja au mbili. Ukiweza tia mnyororo mfupi ndani ulitikise. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kisha likaushe siku hiyo hiyo kwa upepo, la sivyo kutu mpya inaanza ukiwa unaangalia. Likivuja, usilipeleke kuchomelewa hivi hivi. Tenki lililokuwa na petroli na sasa ni tupu limejaa mvuke, ndilo linalolipuka.

Kabureta ifungue mezani juu ya kitambaa cheupe, jeti (vitundu vidogo vinavyopitisha petroli) zipulizwe kwa upepo, usizichokonoe kwa waya, zina kipimo. Badilisha mipira yote ya petroli na clipu zake, weka chujio jipya. Na mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe karibu, si ndani ya nyumba.

Mtambo (#16)

Nyongeza ndogo: pampu ya petroli ya 504 inaendeshwa na injini na ndani ina ngozi ya mpira. Ngozi ikipasuka, petroli inashuka kwenye oili na injini inasagika bila kelele. Siku ya kuwasha, baada ya dakika chache zima, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli au kiwango kimepanda, usiwashe tena mpaka ubadilishe.

Mrithi504 (#17)

Wakuu, nimepata jibu la swali la mzee.

Nilikuwa nabadilisha waya chini ya dashibodi, droo ikaanguka. Nyuma yake palikuwa na daftari dogo la mfuko la baba, limekunjamana kwa unyevu. Ameandika kila kitu kwa mwandiko wake ule wa kulala: oili, plagi, matairi, tarehe na kilomita. Kurasa za mwisho ni hizi:

Kilomita 214,020: maji nusu lita.
214,150: maji nusu lita. Hayaonekani yanakopita.
214,260: maji lita moja. Fundi anasema hedi.
214,380: maji lita moja na nusu. Naliweka mpaka nipate pesa ya hedi.

Hapo ndipo linaposoma hadi leo. Kumbe wote watatu walikuwa na kipande cha ukweli. Liliwahi kuchemka, hela ilikosekana, na betri ikafa baadaye.

Swali langu mzee: ndiyo nifungue hedi?

Fundi Mstaafu (#18)

Pole na hongera kwa pamoja. Daftari hilo lihifadhi vizuri.

Usifungue bado. Gasketi ya hedi ikiungua inaacha ushahidi, na "fundi anasema" si ushahidi. Fanya haya. Fungua kifuniko cha kujazia oili na uchomoe kijiti: kuna uji mweupe? Angalia plagi zako nne ulizozipanga: kuna moja safi kuliko wenzake? Maji yakiingia kwenye silinda, yanageuka mvuke na kuosha kichwa cha pistoni. Mwisho pima mgandamizo wa silinda zote. Ukikuta mbili zilizo jirani ziko chini sana, hapo tunazungumza hedi.

Mrithi504 (#19)

Oili ilikuwa nyeusi kabisa, haina weupe. Plagi zote nne ni masizi sawa. Nimemwaga ile dawa yote kwenye silinda, nimeweka oili na chujio jipya, nimetia oili kidogo kila tundu, nimezungusha kwa mkono mara kumi, ndipo nikapiga stata plagi zikiwa nje. Sekunde tano, napumzisha, sekunde tano tena. Mara ya nne taa ya oili ikazima.

Mgandamizo ni bar 9, 9.5, 9 na 8.5.

Fundi Mstaafu (#20)

Injini hiyo haina hedi iliyoungua. Maji yalikuwa yanapita kwingine. Pampu ya maji? Rejeta?

Mrithi504 (#21)

Pampu haina alama yoyote ya kuvuja chini ya tundu lake. Rejeta nimelitoa, nimelisuuza kinyumenyume, nimelijaza na kulitazama usiku mzima. Kavu.

Bi Gurudumu (#22)

Kaka, rudi juu kwenye posti yako ya kwanza. Ulisema zulia la abiria wa mbele limeoza na pana ukoko mweupe kama chumvi.

Maji ya mvua hayaachi chumvi. Maji ya rejeta ndiyo yanaacha ukoko yakikauka. Hiyo ni hita. Ndani ya dashibodi kuna rejeta dogo linalopitisha maji ya moto ya injini. Likitoboka, maji yanadondoka chini ya zulia, nje huoni tone, na kwa kuwa hita hakuna aliyeiwasha miaka yote, hakuna aliyeiwaza.

Mrithi504 (#23)

Dada, sijui nianze vipi.

Nilijaza maji, nikafunga pampu ya mkono ya kupimia rejeta, nikapandisha mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko chake. Sindano ikaanza kushuka polepole. Nikalala chali kwenye sakafu upande wa abiria na tochi mdomoni. Kimya. Halafu nikaona tone linakua kwenye kona ya boksi la hita, linanenepa, linajivuta, likadondoka juu ya ule ukoko mweupe. Halafu jingine.

Miaka 17 kwa sababu ya hilo. Alikuwa anasubiri pesa ya kufungua injini ambayo haikuwa na ugonjwa.

Nimechomoa mipira miwili ya hita kwenye ukuta wa injini, nimeiunganisha kwa kipande cha bomba la shaba na clipu mbili. Nimepima tena. Sindano imesimama nusu saa bila kutikisika.

Mtambo (#24)

Uzi umenifikisha mahali. Mungu amrehemu mzee.

Kijana wa Boneti (#25)

Washa sasa mkuu, tunasubiri!

Mrithi504 (#26)

Nimejaribu, na imegoma. Cheche ipo, petroli ipo. Nimesafisha pointi za distribyuta (kigawa cheche kwa silinda) kwa msasa laini na kuzipima mm 0.40, kondensa mpya, valvu nimezipima ikiwa baridi 0.10 za kuingiza na 0.25 za kutoa. Nikipiga stata inapiga chafya kwenye kabureta na mara moja moto umetoka juu. Waya za plagi nilizitoa zote kubadilisha, nikazirudisha kwa mpangilio wa 1-3-4-2.

Fundi Mstaafu (#27)

Nambari moja umeihesabia wapi?

Mrithi504 (#28)

Mbele, upande wa rejeta.

Fundi Mstaafu (#29)

Kwa Peugeot hii nambari moja iko upande wa flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini), karibu na dereva. Umezipachika kinyume: cheche inakuja wakati silinda inatoa moshi. Ndiyo hiyo chafya. Hamisha kila waya kwenye kifuniko cha distribyuta hadi upande unaokabiliana nao. Na rudishia kifuniko cha chujio la hewa kabla hujajaribu, moto wa kabureta si wa kuchezea. Gari litolewe bandani, moshi wake una gesi ya kuua isiyo na harufu.

Mrithi504 (#30)

IMEWAKA.

Tumelisukuma nje, kaka na mimi na wapwa wawili. Stata mara ya pili ikashika, ikamisi kidogo, moshi wa buluu ukafunika uwanja mzima, taa ya oili ikazima papo hapo. Mama alitoka jikoni, akasimama mlangoni, hakusema neno mpaka nilipozima. Akaniambia niwashe tena.

Nimenusa kijiti: oili tupu, petroli hakuna. Baada ya dakika kama ishirini moshi uliisha. Feni yake ilinitisha kwanza, ilikuwa inazunguka kivivu huku joto linapanda. Kumbe inashikwa na sumaku ya umeme, na waya wake panya walikuwa wameukata. Nimeunga, sasa inashika yenyewe ikifika joto lake.

Limebaki moja: klachi nikikanyaga, gia haziingii. Ikizimwa zinaingia.

Mtambo (#31)

Sahani ya klachi imeganda kwenye flaiwili kwa kutu. Kwanza hakikisha mafuta ya klachi yapo na upepo umetoka. Kisha magurudumu ya nyuma yakiwa hewani juu ya stendi na hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari, injini ikiwa ya moto izime, weka gia ya nne, washa, kanyaga klachi mpaka chini na ukanyage breki kwa nguvu. Ikikataa, kanyagio la klachi libane kwa kipande cha mbao usiku mzima, urudie kesho.

Mrithi504 (#32)

Imeachia jaribio la tatu, kwa mlio kama ubao unaopasuka. Gia zote zinaingia.

Breki nimezitoa upepo mara mbili, kanyagio liko juu na gumu. Matairi mapya yamefungwa. Nimelizungusha uwanjani mbele na nyuma, kusimama kila baada ya hatua kumi. Nikishamaliza ukaguzi na bima nitatoka nalo njiani.

Fundi Mstaafu (#33)

Vizuri. Kilomita 500 za kwanza usilikimbize. Kisha mwaga oili hata kama inaonekana safi, maana itakuwa imeosha uchafu wa miaka yote, na upime valvu tena. Kila asubuhi injini ikiwa baridi fungua kifuniko cha rejeta uangalie maji. Weka alama.

Mrithi504 (#34)

Wakuu, wiki ya tatu barabarani. Kilomita 214,692. Rejeta la hita liko kwa mtu wa kulichomea, silirudishi mpaka nilipime mwenyewe. Beringi ya gurudumu la mbele kulia inaanza kuimba nikizidi 60, hiyo ni kazi ya Jumamosi.

Nimefungua kifuniko asubuhi hii kabla ya kuwasha, kama mzee alivyoagiza. Maji yako palepale kwenye alama.